Divai ya Meza

Sijawahi kuonja divai, na kwa miaka mitatu niliiuza. Hapo hapana la ajabu. Kabla ya kuja Amerika niliuza sidiria sokoni Mombasa, na hizo nazo sikuzivaa.

Duka lilikuwa kaskazini magharibi mwa Washington, katika mtaa wa watu wanaovalisha mbwa makoti. Mwenye duka hakuniajiri kwa ujuzi. Alinituma ghala la chini nihesabu katoni. Nikahesabu, kisha nikarudia kuanzia ukuta wa pili, nikapanda juu na kumwambia kwamba hesabu yangu na ya daftari lake hazisalimiani, na kati ya hizo mbili kuna mtu anakunywa. Mtu huyo alifukuzwa Ijumaa. Jumatatu mimi nikavaa aproni yake, ambayo bado ilikuwa na doa.

Wenzangu wa Pwani waliokuwa wakiishi Riverdale Park, tuliokutana msikitini na kwenye harusi, niliwaambia nafanya kazi katika duka la vyakula vya Kitaliano. Sioni uongo. Zabibu ni chakula, na Italia ipo.

Kazi yenyewe ilinifundisha dharau, na sikuwa mwanafunzi mzito. Mteja huingia, huchovya pua ndani ya glasi mpaka unahofu itakwama, hufumba macho, kisha hukutangazia kwamba amenusa tandiko la farasi. Ukimtazama viatu unajua farasi amemwona kwenye televisheni. Mwingine alinusa udongo ulionyeshewa mvua, akalipa bei ya kiatu kwa udongo ule. Kwetu harufu hiyo huja bure, na paa linavuja juu yake. Niliitikia kwa kichwa, nikasema ndiyo bwana, udongo, na mimi nausikia.

Basi mwaka wa tisini na saba, karibu na mwisho wa kiangazi, akaja wakala wa divai. Alikuwa akija kila Jumanne, kijana wa miaka arobaini asiyevaa soksi, na siku hiyo alileta chupa nyekundu kutoka Toscana. Sifa yake kubwa, alisema, ni kwamba inasogeleka. Ndivyo wanavyoiita divai isiyokwaruza koo: unaweza kuisogelea. Kana kwamba zile nyingine zimefungwa mnyororo uani na zinabweka.

Mwenye duka alikuwa kwa daktari wa meno, hivyo hadithi yote niliipokea mimi. Nilichukua kalamu. Mtu akisema sana, mimi huandika. Huko mbele huwa anasahau alichosema.

Divai ile, alisema, imetokana na zabibu za aina tatu. Ya kwanza ni ya kienyeji, sanjovese, ambayo maana yake ni damu ya Jovi, mungu wa wapagani wa Rumi ya kale. Mbili nyingine wamezitoa Ufaransa. Kila aina huchumwa kwa wakati wake na kuchachuliwa peke yake, halafu majira ya kuchipua mwenye shamba hukaa na vikombe na kipimo, akaonja, akachanganya, akatema, akachanganya tena. Na lipo jambo la kizamani analolifuata: sehemu ya zabibu hazikamuliwi siku ya mavuno, huanikwa kwenye vichanja mpaka zinyauke na kuongezeka sukari. Divai inapokaribia kutulia, zabibu hizo kavu hukandwa na kutiwa humo, nayo huamka na kuchachuka upya, polepole. Hiyo ndiyo inayoifanya iwe laini na inyweke mapema, bila kungoja miaka kumi pipani.

Hilo la kuanika nililielewa. Nilikuwa sijaelewa kitu kingine chochote tangu asubuhi, lakini kuanika nilikuelewa.

Kisha akanitajia vipimo: sehemu saba za ile damu, sehemu tatu za Mfaransa wa kwanza, moja ya wa pili, jumla kumi. Nikaandika. Nikajumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu.

"Bwana," nikamwambia, "zimefika kumi na moja."

Akacheka, akasema labda ni mbili za wa kwanza. Nikamwambia hapana, asiharibu, mimi nimeipenda hesabu yake: kama huko kwao kumi huwa kumi na moja, basi nikinunua katoni kumi anishushie kumi na moja. Alinitazama kama aliyekanyaga kitu. Lakini alikuwa na katoni nyingi kwenye gari na kipoza hewa chake kilikuwa kimekufa, na divai haipendi joto. Nilipata katoni ya kumi na moja. Ndiyo faida pekee ninayokumbuka kuipata kutoka kwa Jovi.

Kabla hajaondoka nilimwuliza maneno madogo yaliyoandikwa chini ya jina, kwa Kitaliano. Akasema ni daraja. Sheria ya huko, kwa miaka mingi, iliwalazimisha wakulima wa milima ile watie zabibu nyeupe katika divai nyekundu, wakitaka wasitake, ili iitwe kwa jina la mahali na kupewa heshima. Babu wa shamba lile alitia. Mjukuu akakataa, akazing'oa nyeupe, akapanda za Kifaransa. Serikali ikamwambia sawa, lakini andika daraja la mwisho kabisa, lile la divai ya kuteremshia tambi: divai ya meza. Tangu hapo, alisema wakala, wajuzi huitafuta kwa sababu hiyo hiyo. Karatasi zitabadilishwa karibuni, wamepewa daraja jipya, lakini shehena hii ni ya zamani.

Kwa hiyo anayetii sheria ndiye anayetia cheupe katika chekundu, na anayekataa huitwa wa mwisho, halafu wa mwisho huuzwa ghali kuliko wa kwanza. Niliandika hayo pia, nikapiga mstari chini, nikaona afadhali sidiria.

Sasa nije kwa jirani yangu.

Nilikuwa nikiishi Takoma Park, ghorofa ya pili, na chini yangu aliishi dada mmoja wa kutoka bara, Kenya, kule kwenye baridi na viazi. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani. Siku sita kwa juma aliwainua, akawaogesha, akawalisha, na watoto wa wazee hao wakampigia simu kumuuliza kwa nini baba amekonda. Siku ya saba alikwenda kanisani, ushirika wa Wakenya uliopanga chumba cha chini cha kanisa la wenyeji, na huko yeye ndiye aliyeandaa Meza ya Bwana. Kitambaa alikifua kwa mkono, akakipiga pasi, akakibeba kwenye basi kimelala juu ya mikono yake miwili, hakukikunja. Vikombe hakumwachia mtu. Aliwahi kuniambia kwamba pale ndipo mahali pekee katika nchi hii ambapo akigusa kitu, hakuna anayemwangalia mikono. Mimi nilikuwa nakula chapati yake wakati huo, nikaendelea kula.

Aliniita Mswahili, kwa namna ile watu wa bara wanavyolisema neno hilo, yaani mtu ambaye maneno yake ni ya kuhesabiwa. Nilimwita dada. Tulielewana.

Divai ya kanisa alikuwa akiinunua kwenye duka la karibu na stesheni, nyeusi, tamu, nzito kama dawa ya kikohozi. Siku moja akalalamika imepanda bei. Nami nilikuwa na katoni kumi na moja ghalani na mwenye duka aliyerudi kutoka kwa daktari na meno mapya na hasira ya zamani, akiuliza nani alimtuma mtu kuagiza zote hizo. Nikamwambia dada, acha dawa ya kikohozi, mimi nitakupatia divai ya maana. Kwa fedha ya chupa nne utapata sita. Akauliza ni ya namna gani. Nikamjibu, na jibu hilo nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko nilivyorudia hesabu yoyote:

"Ni ya kuchanganywa, lakini ni laini."

Mimi niliona nimetafsiri vizuri tu. Zabibu tatu zimechanganywa. Ni ya kuchanganywa. Nikambebea chupa sita mwenyewe, kwenye treni, katika mfuko wa khaki kama mlevi wa Jumatatu. Tukakutana humo humo treni, akaniuliza maandishi ya chupani, nikamweleza huku nikicheka: divai ya meza, ya kulia tambi, ya mwisho kabisa darajani. Naye akacheka. Kumbe mimi huwa nacheka nikaondoka, yeye huwa anacheka akaweka akilini.

Jumapili ya kwanza watu walipanga mstari, wakanywa. Hapakuwa na neno. Ya pili, mzee wa kanisa mmoja alikirudisha kikombe midomoni mara mbili.

Mzee huyu nilimfahamu kwa sura. Alisimamia maegesho ya magari ya hoteli huko Alexandria, na siku za kazi alivaa koti la hoteli lenye vifungo vya dhahabu. Jumapili alivaa suti, lakini vifungo vile vilikuwa bado vinang'aa machoni mwake. Alikuwa mtu ambaye hawezi kufunguliwa mlango bila kuukagua bawaba. Alimwita dada pembeni na kumwambia divai imekuwa nyepesi, haina utamu, haina rangi. Kisha akamwuliza imekuwaje zamani walipata chupa nne na sasa sita kwa fedha ile ile. Dada, ambaye hajui kusema uongo na hataki kufundishwa, akamjibu kama alivyoambiwa na aliyemwuzia: ni ya kuchanganywa.

Sasa wewe ni Mswahili, sikia neno hilo. Siku hizi vijana wanasema kuchakachua. Wakati ule tulikuwa na neno hilo moja tu, na lilitosha. Maziwa ya kuchanganywa ni maziwa na bomba. Petroli ya kuchanganywa ni petroli na mafuta ya taa. Hakuna mtu, kutoka Lamu mpaka Kisumu, ambaye amewahi kuambiwa kitu ni cha kuchanganywa akafurahi. Mzee akawa ameshakamata mwizi: zimenunuliwa chupa mbili, zimetiwa maji, zimekuwa sita, na fedha ya zile mbili nyingine imekwenda wapi?

Alhamisi dada akapanda ngazi, akabisha. Hakukaa. Alinieleza kwamba Jumapili baada ya ibada wazee watakaa, na kwamba mzee amekwisha kusema Meza iondolewe mikononi mwake, na jambo lisomwe mbele ya ushirika ili watu wajue kwa nini. Kitambaa ameombwa akirudishe kikiwa safi. Alirudia hilo neno, kikiwa safi.

"Si wewe uliniambia ni ya kuchanganywa?" akasema. "Basi kuja uniambie tena, mbele yao."

Nilijaribu kupunguza. Ni tabia. Nikamwambia nitaandika barua. Akanyamaza. Nikamwambia nitapiga simu kwa mchungaji. Akanyamaza tena, na mtu anayenyamaza huwezi kupatana naye bei, hakupi pa kushika. Nikamwambia basi, nitakuja.

Jumapili maduka ya divai ya Washington hufungwa kwa sheria, kwa hiyo hata kisingizio cha kazi sikuwa nacho. Niliingia chumba kile cha chini na kofia yangu ya vito, ile ya msikitini, kichwani, mfuko wa chupa moja mkononi, watu wakanitazama kama muujiza uliokosea anwani. Wazee walikuwa watano nyuma ya meza ya kukunja. Mchungaji alikaa kando. Alikuwa kijana, siku za kazi ni nesi wa hospitali, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyetoka zamu. Dada alikaa peke yake upande wetu, kitambaa kwenye mapaja.

Nilifungua chupa yenye lakiri mbele yao, nikaomba glasi, nikammiminia mzee. Nikamwambia aonje, aseme kama ndiyo. Akaonja. Akaonja tena, kwa uangalifu mkubwa, akiangalia dari. Akakubali ndiyo hiyo hiyo. Basi, nikasema, maji hayakutiwa Takoma Park. Kama yametiwa, yametiwa Italia, na dada hana pasi ya kwenda huko.

Ningeishia hapo tungekula chakula cha mchana mapema. Lakini mzee alikuwa amelishika lile neno na hakutaka kuliachia. Akasema, hata kama ni Italia, imechanganywa, na Meza ya Bwana haiwekwi kitu cha kuchanganywa. Wenzake wakaitikia kwa kichwa, kwa sababu vichwa vya kamati vimefungwa kamba moja.

Nikawauliza githeri ni nini. Wakatazamana. Nikasema mimi mtu wa Pwani ndiye ninayewauliza, ninyi wa bara mnifundishe: si mahindi na maharagwe? Aliyeyachanganya, ametia maji? Mmoja wa wazee alicheka, akajidai anakohoa. Nikawaeleza zabibu tatu, vichanja, zile zilizonyauka zinazoiamsha divai. La damu ya Jovi nililiacha mfukoni. Mtu anayejua kuuza anajua pia kipi kibaki chini ya kaunta.

"Githeri ni ya nyumbani," mzee akasema. "Hii ni kanisa. Wewe unatuletea Uswahili."

Hapo ndipo nilipofanya kile ambacho wakati ule niliona ni werevu. Nikaigeuza chupa, nikaweka kidole kwenye yale maandishi madogo, nikamwomba asome. Hakujua Kitaliano, lakini alivaa miwani. Nikamsomea mimi, neno kwa neno, pole pole kama mwalimu wa chekechea: divai, ya, meza.

Mzee aliinamia chupa. Niliona neno linavyoingia ndani yake, linavyotafuta pa kukaa, na linavyokaa. Meza. Aliivua miwani.

"Imeandikwa hapa hapa?" akauliza.

Nikamwambia serikali ya Italia imeandika. Hilo ni kweli pia. Akampa jirani yake chupa, jirani akampa jirani, kila mmoja akagusa maandishi kwa kidole, mpaka ikamrudia yeye. Mzee akaanza kusema kwamba ikiwa imetengenezwa makusudi kwa ajili ya Meza, basi hilo ni jambo lingine, na kwamba dada alipaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Nilikuwa nimeshinda. Nilianza kutafuta kizibo.

Dada akasimama.

"Ni meza ya kulia," akasema. "Ya chakula. Ni divai ya kuteremshia tambi, ndiyo ya mwisho kwa daraja. Huyu alinieleza kwa treni. Sikutia maji, wala sikuiba. Lakini hiyo meza sio hii."

Nilimtazama kama mtu anavyomtazama mteja aliyekwisha kulipa halafu anakwambia umemrudishia chenji nyingi. Nilikuwa nimemnunulia heshima yake kwa bei ya neno moja, naye akairudisha kaunta. Mzee alipata rangi tena usoni. Vifungo vya dhahabu vikawaka. Akafungua mdomo.

Mchungaji, kule kando, alijifuta macho kwa kiganja.

"Na meza ile ya kwanza, ya Bwana na wanafunzi wake, mzee," akauliza, bila kuinua sauti, "walikuwa wameikalia kufanya nini?"

Mzee alivaa miwani yake tena. Niliwahesabu wote watano, halafu nikawahesabu tena, na macho yote kumi yalikuwa juu ya ile meza ya kukunja. Mchungaji akatazama saa, akamwambia dada kitambaa akiweke, na vikombe vya asubuhi bado havijaoshwa. Hivyo tu. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu wa kamati huomba radhi kwa kukunja viti, na viti vikakunjwa kwa kelele nyingi.

Mimi sikuwa nimemwokoa mtu. Nilimtia shimoni kwa neno moja, nikataka kumtoa kwa jingine la namna ile ile, naye akatoka mwenyewe, kwa mlango ambao mimi nisingeupita hata ningelipwa. Nimewadharau watu wengi kwa makosa madogo kuliko hilo, na sioni sababu ya kujipunguzia bei.

Nilimngoja nje. Alitoka mikono ikiwa bado na sabuni, amebeba mfuko wa chupa zilizobaki. Akanirudishia. Akasema atarudi kwa ile nyeusi ya karibu na stesheni, tamu, nzito, hata kama imepanda.

"Sitaki divai yenye inahitaji wakili," akasema.

Nikamwambia hiyo ya stesheni imejaa sukari ya gunia. Akasema sukari hajawahi kuisikia ikiitisha kikao.

Niliweka mfuko juu ya ukuta mfupi wa kanisa, nikazihesabu. Sita nilizomwuzia, mbili zimenyweka hadi asubuhi ya leo, zibaki nne. Moja niliyoifungua leo nilikuja nayo mwenyewe, ya tano. Mkononi zilikuwa nne. Nikahesabu kuanzia upande wa pili. Nne, na zote na lakiri zake. Nikakumbuka chupa iliyofunguliwa ilivyopita kwa vidole vya wazee, jirani kwa jirani, na nikakumbuka mwishowe ilimrudia nani. Kwenye maegesho, mzee alikuwa anaingia garini kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mayai, koti la suti limefungwa mpaka juu, katika joto lile.

Nikamwonyesha dada kwa kidevu. Alimtazama mpaka gari likageuka kona.

"Mwache," akasema. "Na yeye ako na meza kwake."